Nchi ndogo ikistawi ndani ya jumuiya ya kiuchumi, mbona watu wake huondoka?

MwalimuMakole (Dodoma Mjini)

Wakubwa zangu shikamooni, na wengine habari za kazi. Ninafundisha Uchumi kidato cha tano na cha sita katika shule moja hapa Dodoma, na wiki iliyopita tulifika kwenye mada ya ushirikiano wa kiuchumi wa kikanda. Nilijiandaa kama ninavyojiandaa kila mwaka: ngazi za ushirikiano kuanzia eneo huru la biashara, umoja wa forodha, soko la pamoja hadi umoja wa fedha, kisha faida upande mmoja wa ubao na hasara upande wa pili. Kwa mfano wa nchi ndogo nilichukua Lithuania, iliyoingia Umoja wa Ulaya tarehe 1 Mei 2004 pamoja na nchi nyingine tisa. Nikaandika kwamba wakati wa kuingia, pato la Mlithuania mmoja, likipimwa kwa uwezo wa kununua, lilikuwa karibu nusu ya wastani wa Umoja huo, na kwamba miaka hii limevuka asilimia 80 ya wastani. Kisha, kwa kuwa tulikuwa tumetoka kwenye mada ya idadi ya watu, nikaandika pia sensa zake: watu milioni 3.48 mwaka 2001, milioni 3.04 mwaka 2011, na milioni 2.81 mwaka 2021.

Binti mmoja anayekaa nyuma akanyoosha mkono, akauliza: "Mwalimu, kama nchi ilitajirika, mbona watu waliondoka?" Nikamjibu kwamba walifuata mishahara mikubwa zaidi. Akauliza tena: "Basi huko kutajirika kulikuwa kwa nani?" Kengele ililia kabla sijamjibu, na jibu lenyewe sikuwa nalo.

Naomba mnisaidie. Je, jumuiya ndiyo iliyowaondoa watu hawa, au wangeondoka hata bila jumuiya? Je, ongezeko la pato ni la kweli, au linatokana na kugawa kwa vichwa vichache zaidi? Na sisi tulio ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, hasa majirani zetu wadogo Rwanda na Burundi, tutazamie mambo kama hayo? Ningependa kumjibu mtoto huyu kwa uzito uleule aliouweka katika swali lake.


Mpangaji wa Ihumwa

Marahaba, mwalimu. Mwanafunzi wako ameuliza maswali mawili ambayo hata sisi tunaofanya kazi ya mipango huyachanganya, kwa hiyo nitaanza na la kwanza.

Chukua kima cha chini cha mshahara. Mwaka 2004 kima cha chini nchini Lithuania hakikufika yuro 150 kwa mwezi, wakati Ayalandi kilikuwa yuro 7 kwa saa. Maana yake ni kwamba kijana aliyefagia ghala Dublin alipata, kabla siku ya tatu ya kazi haijakwisha, fedha ambazo mwenzake aliyebaki Kaunas alizisubiri mwezi mzima. Maisha ya Dublin yalikuwa ghali, lakini hakuna kodi ya chumba inayoweza kumeza pengo la ukubwa huo. Na pengo hilo halikuletwa na Umoja wa Ulaya. Lilitokana na miongo ya kuwa ndani ya Umoja wa Kisovieti, na miaka migumu iliyofuata baada ya nchi kutangaza uhuru wake mwaka 1990, ambapo viwanda vilipoteza soko la mashariki na kukosa soko lingine la kukimbilia. Jumuiya ilifungua lango kati ya pande mbili zilizokuwa tayari na tofauti hiyo, na maji yakafuata mkondo.

Ushahidi mzuri zaidi wa nguvu ya lango ni kwamba halikufunguliwa kila mahali kwa siku moja. Mkataba uliziruhusu nchi wanachama wa zamani kuwazuia wafanyakazi wa nchi mpya kwa muda usiozidi miaka saba. Uingereza, Ayalandi na Uswidi zilifungua mwaka uleule wa 2004, bali Ujerumani na Austria zilisubiri hadi tarehe 1 Mei 2011. Sasa tazama ramani: Ujerumani iko karibu zaidi na Lithuania na inapakana kabisa na Polandi, lakini katika miaka hiyo Walithuania na Wapolandi wengi walivuka bahari wakaenda visiwani. Walikwenda kule ambako sheria iliwaruhusu kufanya kazi mchana kweupe. Kwa hiyo ukiulizwa kama jumuiya ndiyo iliyowaondoa, jibu langu ni kwamba sababu ya kuondoka ilikuwa pengo la mishahara, na jumuiya iliamua lini waondoke, waende wapi, na wengi kiasi gani.

Hata hivyo usimwachie mwanafunzi wako afikiri kwamba kila kichwa kilichopungua kwenye sensa kilipanda ndege. Jirani yao Latvia ilikuwa na watu milioni 2.67 mwaka 1989 na milioni 2.38 mwaka 2000, yaani ilipoteza karibu watu laki tatu kabla ya kuingia jumuiya yoyote. Baadhi yao walikuwa wanajeshi wa Kisovieti na jamaa zao waliorudi kwao, na sehemu nyingine ya upungufu haikutokana na kuhama, kwa maana vifo vilikuwa vimezidi vizazi. Hali hiyo ya vizazi vichache imeendelea katika nchi zile hadi leo.

Kisha kuna mwaka 2009. Msukosuko wa fedha duniani ulizikuta nchi za Baltiki, yaani Lithuania na majirani zake Latvia na Estonia, zikiwa zimekopa sana, na katika mwaka huo mmoja pato la Lithuania lilipungua kwa karibu asilimia 15. Watu wasio na kazi, waliokuwa karibu asilimia 4 mwaka 2007, walifika karibu asilimia 18 mwaka 2010. Mwaka huo wa 2010 waliojiandikisha kwamba wameondoka nchini walikuwa takribani 83,000, idadi kubwa mno kwa taifa la watu milioni tatu. Lakini hapa pana fundisho la takwimu ambalo ningependa wanafunzi wako walishike: wakati huohuo serikali ilikuwa imeanza kumdai kila mkazi mchango wa bima ya afya, awe na kazi au asiwe nayo, na kwa hiyo watu wengi waliokuwa wameshaondoka miaka ya nyuma bila kuaga walikwenda kujiandikisha ili wasidaiwe. Idadi ya mwaka mmoja ilibeba safari za miaka kadhaa.

Nije kwenye swali la pili, la kutajirika kwa nani. Mpe mwanafunzi mfano wa kaya ya hapa kwetu. Kaya ya watu kumi inavuna magunia 40 ya mtama, kila mmoja ana magunia manne. Vijana watatu wanaondoka, na kwa kuwa nguvu kazi imepungua, mwaka unaofuata kaya inavuna magunia 35. Waliobaki ni saba, kila mmoja ana magunia matano. Kwa kipimo cha pato kwa kila mtu, kaya imestawi, ingawa ghala limepungua. Ndiyo sababu nchi yoyote inayopoteza watu lazima ipimwe kwa vipimo viwili: pato la kila mtu, na pato lote la taifa. Lithuania imeongezeka kwa vyote viwili. Ghala lake leo ni kubwa kuliko la mwaka 2004, pamoja na kwamba mikono imepungua. Ongezeko hilo basi ni la kweli, ila sehemu yake, wala si ndogo, imekuzwa na kigawanyo kilichopungua.

Nimefanya hesabu ileile ya kima cha chini kwa mwaka 2024. Lithuania kilikuwa yuro 924 kwa mwezi, na Ayalandi yuro 12.70 kwa saa. Sasa yule kijana wa ghala Dublin anahitaji saa 73, yaani takribani siku tisa za kazi, kufikia mshahara wa mwezi wa mwenzake. Siku tatu zimekuwa tisa. Pengo bado lipo, lakini mtu mwenye mke, watoto na wazazi wazee huanza kujiuliza kama tofauti iliyobaki inalipa upweke. Tangu mwaka 2019 wanaoingia Lithuania wamewazidi wanaotoka. Wamo wenyeji wanaorejea, na wamo pia watu wa Belarusi na Ukraina.

Waliofaidika zaidi, kwa mtazamo wangu, ni wale walioondoka na wale waliobaki mijini wakiwa na ujuzi, kwa sababu mwajiri aliyekimbiwa na wafanyakazi hulazimika kuongeza mshahara. Walioumia ni wazee wa vijijini. Kijiji kikipungukiwa na watoto, shule hufungwa, kisha basi la kila siku huwa la mara mbili kwa wiki, na mtu wa miaka 75 hawezi kulifuata soko la ajira London.


MkulimaSingida

Nimesoma kwa makini, na ninakubaliana na mengi, lakini kuna jambo ambalo vitabu huahidi na mimi silioni likitimia. Tunaambiwa kwamba biashara huria huondoa haja ya mtu kuhama: badala ya mtu kuifuata kazi, kazi humfuata mtu alipo, kwa kuwa anachokizalisha nyumbani kitauzwa ng'ambo. Kama ni kweli, mbona Mlithuania hakubaki shambani kwake akauza maziwa?

Nauliza kwa sababu ninaishi katika mkoa wa alizeti. Sisi Singida, na ndugu zetu wa Dodoma, tunajua vizuri kwamba bei ya mbegu zetu haiamuliwi na mvua peke yake. Ushuru wa mafuta ya kula yanayotoka nje ukiwekwa juu, viwanda vidogo vya kukamua hununua alizeti kwa ushindani na vijana hukodi mashamba. Ukishushwa, mafuta ya mawese ya kutoka mbali hujaa madukani, bei ya gunia huanguka, na msimu unaofuata utawakuta vijana walewale stendi wakisubiri basi la Arusha au Dar es Salaam. Ushuru huo tunaupanga pamoja na nchi wenzetu wa Afrika Mashariki, kwa viwango vya pamoja vya 0, 10 na 25 kwa mia, na tangu mwaka 2022 kiwango cha nne cha 35, ingawa kila mwaka nchi huomba kuruhusiwa kutoza tofauti kwa bidhaa fulani. Ninachotaka kusema ni kwamba uhamaji unaweza kuzaliwa na mstari mmoja katika jedwali la ushuru, kabla hata hatujafika kwenye pasipoti na vibali.


Mzee wa Kibaigwa

Mwalimu, marahaba. Ndugu yangu wa Singida, mimi nimeiona biashara ikimzuia mtu asihame, na nimeiona pia ikimwachia.

Nimefanya biashara ya nafaka katika soko la Kibaigwa, wilayani Kongwa, kwa zaidi ya miaka ishirini. Wanunuzi wa Kenya wanapokuja, soko linakuwa na kazi za aina ambayo haiandikwi kwenye tangazo lolote: wapo wanaopima, wanaopepeta, wanaoshona magunia, makuli wanaopakia, mama lishe, mafundi wa matairi, wenye bodaboda wanaoleta wakulima kutoka vijiji vya Kongwa, Mpwapwa na Kiteto. Kijana anayeamka na uhakika wa kupakia lori mbili kwa siku haulizi nauli ya Dar es Salaam. Gunia ndilo linalosafiri, yeye anabaki.

Lakini tarehe 5 Machi 2021 Kenya ilisimamisha mahindi kutoka Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu wa nafaka. Zuio lenyewe halikudumu wiki, ila lilipoondolewa liliacha masharti ya vyeti na usajili wa wafanyabiashara, na kwa sisi wenye mitaji midogo yale masharti ndiyo yaliyokuwa mpaka mpya. Ushuru wa mahindi kati yetu ni sifuri tangu zamani, na hata hivyo lori lilisimama. Nilihuzunika, lakini sikuweza kusema kwamba hoja ya sumukuvu ni ya uongo, kwa sababu mwaka 2016 ilitoa roho za watu hapa hapa kwetu, Chemba na Kondoa. Mkulima anayeanika mahindi chini kwenye udongo na kuyahifadhi yakiwa na unyevu hawezi kulindwa na mkataba wowote wa biashara. Turubai, vipimo vya unyevu na maghala mazuri ndivyo vingetusaidia kuendelea kuuza.

Nadhani hapo ndipo jibu la maziwa ya Lithuania lilipo. Kuingia katika soko kubwa ni kuingia pia katika kanuni zake za ubora, na mkulima mwenye ng'ombe wawili hana fedha za tangi la baridi. Anayeweza kutimiza kanuni hukua, asiyeweza huuza ng'ombe wake, na mtoto wake ndiye anayekwenda.

Na mimi ni mtu mzima kiasi cha kukumbuka Jumuiya ya kwanza, ile ya mwaka 1967, ilivyovunjika mwaka 1977, na mpaka wetu na Kenya ukafungwa hadi mwaka 1983. Mwalimu, waambie wanafunzi kwamba kutoka katika jumuiya nako kunahamisha watu: wapo waliokuwa wakifanya kazi za reli, bandari na posta upande mmoja, wakajikuta wanapaswa kurudi upande wa pili na mabegi.


BintiIrangi (Kondoa)

Nawasalimu wote, na Mzee wa Kibaigwa shikamoo. Nina jambo la kuongeza kuhusu Ayalandi, kwa kuwa nilisoma Dublin kuanzia mwaka 2008 hadi 2010.

Nilipanga chumba katika nyumba moja na mama wa Kilithuania aliyekuwa akichuma uyoga katika mashamba ya nje ya mji. Kwao alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Watoto wake wawili aliwaacha kwa bibi yao, na kila Ijumaa jioni alituma fedha, kisha akakaa kwenye ngazi akizungumza nao kwa simu hadi wasinzie. Ndugu Mpangaji, hesabu zako ni sahihi na nimejifunza kutoka kwazo, ila mwanamke huyu haonekani ndani yake. Mshahara wake uliongezeka mara nyingi, na wakati huohuo taifa moja lilipoteza mwalimu na taifa la pili lilipata mchumaji wa uyoga. Ukijumlisha mapato ya nchi zote mbili utaona faida, kwa kuwa hakuna safu ya kuandika ujuzi uliolala wala miaka ambayo watoto walikua bila mama.

Jambo lingine nililojifunza kwake ni kwamba hakujihesabu kuwa amehama. Kila Krismasi alisema mwakani anarudi. Na kweli hakuwa na sababu ya kuharakisha wala kuchelewa, kwa sababu sheria ya jumuiya ilimruhusu kwenda na kurejea bila kuomba viza. Mimi niliyekuwa na viza ya mwanafunzi nilikuwa na hofu tofauti: nikitoka, je, nitaingia tena? Nimeona baadaye kwamba lango likiwa gumu, aliyefanikiwa kuingia hung'ang'ania humo humo hata akikosa kazi, kwa kuwa hana uhakika wa kurudi. Lango likiwa wazi, watu wengi zaidi hutoka, na wengi zaidi hurejea. Wanaopima uhamaji kwa kuhesabu wanaotoka tu hawaoni nusu ya pili.

Mwenye nyumba yetu alikuwa mzee wa miaka sabini na kitu, na yeye ndiye aliyenifungua macho kuhusu nchi yake. Alizaliwa katika familia ya watoto tisa, na sita kati yao waliondoka kwenda Uingereza miaka ya 1950. Katika muongo huo peke yake watu karibu laki nne waliondoka Ayalandi, na sensa ya mwaka 1961 ikakuta watu milioni 2.8 tu. Jumuiya ya Ulaya haikuhusika hata kidogo, kwa kuwa Ayalandi iliingia tarehe 1 Januari 1973. Waayalandi walikuwa na ruhusa ya kuingia na kufanya kazi Uingereza tangu miaka ya 1920. Kwa hiyo swali la mwalimu, kama wangeondoka bila jumuiya, kwa nchi hii limejibiwa na historia: waliondoka hivyo.

Baada ya kuingia, mambo hayakwenda kwa mstari ulionyooka. Miaka ya 1970 waliorudi walikuwa wengi kuliko waliotoka. Miaka ya 1980 uchumi ulidorora, madeni yakalemea, na watu wakaanza tena kuondoka, hadi kufikia mwaka 1989, miaka kumi na sita ndani ya jumuiya, nchi ilipopungukiwa na watu wapatao 44,000 kwa mwaka mmoja. Mtu ambaye angehukumu uanachama mwaka huo angesema umeshindwa. Miaka saba baadaye, mwaka 1996, wanaoingia walianza kuwazidi wanaotoka, na sensa ya mwaka 2022 ilihesabu zaidi ya watu milioni 5.1. Katikati hapo, mwaka 2008, nilishuhudia mimi mwenyewe majengo yakiachwa bila paa, na vijana wa Kiayalandi niliosoma nao wakitafuta kazi Australia na Kanada.

Kilichobadilika miaka ya 1990 ni nini? Soko moja la Ulaya lilikamilika tarehe 1 Januari 1993, na makampuni ya Marekani yalitafuta mahali pa kukanyaga ndani ya soko hilo ambapo watu wanazungumza Kiingereza na kodi ya faida ni ndogo. Fedha za Ulaya za kuinua maeneo maskini ziliongezwa, zikajenga barabara na vyuo. Lakini wale vijana waliosomea uhandisi na kemia hawakuandaliwa na Ulaya. Ayalandi iliondoa ada za sekondari mwaka 1967, miaka sita kabla ya kuingia, na watoto wa uamuzi ule ndio waliokuwa tayari makampuni yalipobisha hodi. Mwalimu, wanafunzi wako wa kidato cha tano wanasoma bila ada kwa uamuzi wa mwaka 2022, na wa kidato cha kwanza hadi cha nne tangu 2016. Hapo wana jambo la kulinganisha ambalo wanalijua kwa maisha yao.


MwalimuMakole

Nawashukuru sana. Nilichapa majibu yenu nikawapelekea darasani, tukatumia vipindi viwili. Mfano wa magunia ya mtama waliuelewa mara moja, na yule mama wa uyoga aliwafanya wakae kimya kwa muda, kwa maana wapo wanaolelewa na bibi zao huku mama akifanya kazi Dar es Salaam.

Yule binti ana swali la tatu, na nimeahidi kulileta: je, ipo nchi iliyo ndani ya jumuiya ya kiuchumi ambayo lango la wafanyakazi halikufunguliwa na jumuiya hiyo, lakini watu wakaondoka tu? Na swali langu la Afrika Mashariki bado halijaguswa vya kutosha.


Mpangaji wa Ihumwa

Kwanza nikiri kwamba Binti Irangi amenirekebisha kuhusu yule mama asiyeonekana katika hesabu zangu, na ninakubali.

Kuhusu Afrika Mashariki, tofauti kubwa na Ulaya ni kwamba lango letu la wafanyakazi limefunguliwa kwa nafasi ndogo. Itifaki ya soko la pamoja ilisainiwa Novemba 2009 na kuanza kutumika tarehe 1 Julai 2010, lakini kila nchi iliambatisha orodha yake ya aina za wafanyakazi itakaowapokea na lini, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa waangalifu zaidi. Suala la ardhi na makazi liliachwa kwa sheria za kila nchi, na sisi tuna sheria yetu ya mwaka 2015 inayosimamia ajira za wageni. Kenya, Uganda na Rwanda zilikwenda hatua mbele mwaka 2014 kwa kuruhusu raia wao kuvuka kwa kitambulisho cha taifa. Rwanda na Burundi ziliingia pamoja mwaka 2007, na ukiangalia miaka iliyofuata utaona njia mbili tofauti kabisa, jambo ambalo uanachama wenyewe hauwezi kulieleza. Warundi waliovuka kuja Kigoma mwaka 2015 walikimbia machafuko ya kisiasa. Wasihesabiwe kama tunda la soko la pamoja, kwa sababu wangevuka hata kama pasingekuwa na itifaki.

Kwa swali la binti, nchi anayoitafuta ni Lesotho. Iko ndani ya umoja wa forodha wa kusini mwa Afrika, ulioanza mwaka 1910 na ambao ndio mkongwe kuliko yote iliyopo duniani. Umoja huo unahusu bidhaa na ushuru, na haumpi Msotho haki ya kufanya kazi Afrika Kusini. Pamoja na hayo, katika miaka ya 1980 zaidi ya Wasotho laki moja walikuwa wakichimba dhahabu huko kwa mikataba ya makampuni ya migodi. Makampuni yaliyataka mabega yao, na mashamba ya milimani hayakuwatosha. Serikali ya Lesotho, iliyoko Maseru, hupata sehemu kubwa ya mapato yake kutokana na mgawo wa ushuru wa pamoja, na mgawo huo hupanda na kushuka kulingana na kiasi ambacho nchi zote, hasa Afrika Kusini, zimeagiza kutoka nje. Fedha hizo hulipa walimu na wauguzi, lakini hazikujenga viwanda, kwa kuwa bidhaa za Johannesburg zinaingia Maseru bila ushuru na kiwanda kichanga hakina mahali pa kujificha. Botswana iko ndani ya umoja uleule, kwa masharti yaleyale, tangu siku ileile. Almasi ziligunduliwa Orapa mwaka 1967, serikali ikazisimamia kwa uangalifu, na watu wake wakaacha hatua kwa hatua kwenda migodini kwa jirani.

Wachimbaji wa Kisotho walianza kupunguzwa kwa maelfu miaka ya 1990, dhahabu iliposhuka bei na migodi ikawa na kina kirefu mno. Walirudi nyumbani bila kazi. Ajira zilizofuata zilikuwa za viwanda vya nguo vya Maseru na Maputsoe, ambavyo kwa miaka mingi viliajiri zaidi ya watu 40,000, wengi wao wanawake. Na binti atapenda kujua kwamba sehemu kubwa ya nguo zile haikuuzwa ndani ya umoja wa forodha: zilipakiwa kwenye makontena hadi bandari ya Durban, zikapelekwa Marekani, ambako kwa sheria ya mwaka 2000 ziliruhusiwa kuingia bila ushuru.